Siku ya Mashujaa kijijini: mwalimu, anza na majina

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Missenyi, Kagera. Babu yangu aliingia mgambo mwaka 1978, akavuka mpaka pamoja na jeshi letu na hakurudi. Kaburi lake hatulijui. Kila tarehe 25 Julai tunatazama maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kwenye televisheni, na buruji ikianza kulia bibi hutoka nje. Mwakani, wazee na vijana wa kijiji tunataka tuadhimishe wenyewe. Tufuate utaratibu gani? Ni lazima tuwe na mkuki na ngao kama Rais? Waislamu na Wakristo tuombe vipi? Babu mzaa babu alikuwa mpagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia, naye tumhesabu? Na bibi nimshawishi aje?

Jibu:

Marahaba, mwalimu. Pole kwa babu. Najua miaka imepita mingi, lakini msiba usio na kaburi hauna arobaini.

Nimefanya kazi ya makumbusho kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kukaa na familia za watu waliokwenda vitani wasirudi. Nitakujibu kwa urefu, na nitatanguliza lile ninaloliamini kuliko mengine yote. Serikali imekwisha kuwapa umbo la siku hii. Kilichobaki ni majina, na hayo hakuna wa kuyaleta ila ninyi. Kwenye maadhimisho ya kitaifa haiwezekani kusoma jina la kila aliyekufa. Kijijini inawezekana, na ikifanywa vizuri, robo saa ile ya majina ina uzito kuliko gwaride lolote nililowahi kulishuhudia.

Tuanze na mnayoyaona kwenye televisheni. Saa sita usiku wa kuamkia tarehe 25 huwashwa Mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa, nao huzimwa saa sita usiku siku hiyo inapokwisha. Asubuhi kunakuwa na gwaride, buruji, kimya, kisha silaha za jadi na shada la maua vinawekwa kwenye mnara. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Viongozi wa dini huomba, kila mmoja kwa zamu yake. Kwa miaka mingi shughuli hiyo ilikuwa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku hizi Dodoma ndiyo imekuwa mwenyeji wa mara kwa mara. Mwaka 2013 ilifanyika huko huko kwenu Kagera, Kaboya wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wa vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, ile iliyomchukua babu yako.

Wengi hudhani buruji ni muziki wa huzuni. Asili yake ni milio ya kawaida ya kambi. Ule wa kwanza, mrefu na wa taratibu, ndio askari hupigiwa siku inapokwisha, lindo limekaguliwa, watu wakalale. Ule wa pili, mwepesi na wa kupanda, ni wa kuwaamsha asubuhi. Kati ya milio hiyo miwili ndipo kinapowekwa kimya. Kwa hiyo waliokufa wanaagwa kama askari wanaokwenda kulala, halafu sisi tulio hai tunaamshwa turudi kazini. Waelezeni wanafunzi jambo hili siku moja kabla. Mtoto akijua anachosikiliza, hatacheka wala kuchezea simu.

Na kile kimya nacho kina historia iliyo karibu nasi kuliko watu wanavyofikiri. Tumezoea kukiona kama desturi ya Uingereza ya tarehe 11 Novemba. Ukweli ni kwamba kilianza katika bara letu, Cape Town, Mei 1918, vita ya kwanza ikiwa bado inaendelea. Kila siku mzinga wa saa sita mchana ulipolia, mji mzima ulisimama: tramu zilisimama, watu wakasimama njiani, vichwa chini. Percy FitzPatrick, mkazi wa Afrika Kusini aliyempoteza mwanawe vitani, ndiye aliyepeleka wazo hilo kwa Mfalme wa Uingereza, na 11 Novemba 1919 nchi zote za himaya ile zikanyamaza kwa dakika mbili. Nakusimulia haya kwa sababu kijijini utasikia mtu akisema kimya ni mambo ya Wazungu. Mwambie mzee huyo, kwa heshima, kwamba kilianzia kwetu Afrika, katika mji uliokuwa umechoka kupokea habari za vifo.

Sasa mkuki na ngao. Hapana, si lazima, na ushauri wangu ni kwamba msiige zile silaha zote moja baada ya nyingine. Mpangilio ule ni wa Taifa, na kila silaha ina mwenye cheo chake cha kuiweka. Ukimpa mwenyekiti wa kijiji mkuki na ngao, mtendaji sime na diwani upinde, mtaishia kubishana nani atangulie nani. Hata hivyo maana yake ni nzuri na inafaa mwielewe. Silaha zile hazikutumika kwenye mapigano ya Lukaya wala Masaka, kule Uganda. Mimi nazisoma hivi: habari ya watu wetu kupigania ardhi yao haikuanza mwaka 1978, ni ya tangu enzi za mikuki na mishale. Ndiyo maana mkuki na shoka vimo hata kwenye nembo ya Taifa, ndani ya ngao.

Kwa hiyo chagueni kitu kimoja tu, kinachotoka kwenu. Nchi ya Wahaya ni nchi ya wahunzi; pale Katuruka wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua tanuri za chuma za zamani sana. Kama mna mhunzi anayefua bado, afue mkuki mmoja kwa ajili ya siku hiyo, utunzwe shuleni, na kila mwaka uwekwe na mtu wa familia tofauti. Kama hakuna mhunzi, pandeni ule mche mnaotumia kuwekea mpaka wa kibanja, kwa sababu unadumu na kila mtoto anaujua. Saruji si lazima mwaka wa kwanza. Nimeona minara mizuri iliyojengwa kwa haraka ikiwa na majina yaliyokosewa, na jina lililokosewa kwenye saruji ni tusi la kila siku kwa familia.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Anzeni sasa, si mwezi Juni. Wagawe wanafunzi wawili wawili, kila jozi na kitongoji chake, wakiwa na daftari na mzee wa kuwatambulisha. Waulize mambo machache: jina lake kamili kama alivyoitwa nyumbani, jina la baba yake, alikuwa mgambo au askari wa kudumu, aliondoka lini na kwa njia gani, nani alikuwa naye, habari ya mwisho ilikuja lini na ililetwa na nani. Swali hili la mwisho ndilo linalofungua vinywa. Watu husahau tarehe, lakini hawamsahau aliyeleta habari, alisimama wapi uani, na walikuwa wanafanya nini alipofika.

Kisha linganisheni majina na ya Kaboya. Pangeni safari moja, msome makaburi yote kwa utulivu, na msome mkijua kwamba karani aliyeandika mwaka 1979 huenda hakuwa Mhaya. Ru inaweza kuandikwa Lu, Rwe ikawa Lwe, jina la babu likawa la kwanza na la ubatizo likaachwa. Nilipata kufuatana na familia moja, katika mkoa mwingine, iliyokuwa imepita mbele ya kaburi la mtu wao mara mbili bila kulitambua kwa sababu ya herufi mbili tu. Dada wa marehemu alipolitambua hakulia. Alivua kitenge cha begani akaanza kufuta vumbi kwenye zile herufi, moja moja, kama anayemwosha mtoto uso. Msipomwona babu pale, andikeni barua kwenda Makao Makuu ya Jeshi kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mkimshirikisha mshauri wa mgambo wa wilaya. Ambatanisheni yale yote mliyoyaandika kwenye daftari. Barua yenye jina la baba, kijiji na mwezi wa kuondoka ina nafasi kubwa ya kujibiwa kuliko inayosema tu “tunamtafuta babu yetu”.

Mtakutana na jambo moja gumu, nalo nawatahadharisha mapema. Kutakuwa na familia itakayosema kwa aibu kwamba mtu wao hakufa kwa risasi. Lori lilipinduka, au alipata malaria, au aliharisha akafia njiani. Waandikeni. Wengi wa wanajeshi wetu waliopoteza maisha katika vita ile walikufa kwa ajali na maradhi, hawakuuawa na adui. Kijana aliyetoka mgombani kwake kwa sababu nchi ilimwita, akafia kwenye lori lililobeba unga wa jeshi, alikwenda vitani sawasawa na yule aliyekufa Lukaya usiku ule wa Machi 1979.

Siku yenyewe, majina yasomwe na vijana, wawe wamefanya mazoezi mbele ya wazee mpaka kila jina limetamkwa kama linavyotamkwa nyumbani. Jina, kitongoji, mahali alipofia kama panajulikana. Kisha nyamazeni kidogo, mtu mmoja wa familia yake asimame mahali alipo. Asiseme kitu, asimame tu. Nilishuhudia jambo hili likifanywa katika kata moja ya mpakani, na mwishoni uwanja ulikuwa na watu wapatao thelathini waliosimama katikati ya waliokaa: wazee, wajukuu, mama mwenye mtoto mgongoni. Pale ndipo watu walipoona kwa macho yao vita ilichukua wangapi katika kata yao.

Na kinyume chake nimekiona pia. Katika shughuli moja ya wilaya, sitaitaja, wajane waliitwa kwa barua rasmi, wakafika tangu saa moja asubuhi na khanga zao zilizopigwa pasi. Hema lilikuwa la wageni. Wao waliwekwa nyuma, juani, kwenye mabenchi ya shule. Mjane mmoja alikuwa ameleta barua ya taarifa ya kifo cha mumewe, imekunjwa mara nne ndani ya nailoni, karatasi imekatika kwenye mikunjo. Alidhani ataulizwa. Hakuna aliyemuuliza, na jina la mumewe halikusomwa. Nilikaa naye mwishoni tukaifungua ile barua juu ya goti lake, akaniomba nimsomee, ingawa bila shaka alikuwa anaijua kwa moyo. Mwalimu, kama hamtaweza kufanya kitu kingine chochote, fanyeni hiki: hema la kwanza ni la wajane, watoto wa marehemu na wazee waliopigana. Mkuu yeyote atakayefika akae pembeni yao. Niamini, viongozi wengi watafurahi wakipangiwa hivyo. Ni wapangaji wa shughuli ndio wanaowaogopa kupita kiasi.

Kuhusu sala, msichanganye. Nimeona watu wakitunga sala moja ya kumridhisha kila mtu, na mwisho haikumgusa yeyote. Utaratibu wa kitaifa wa kila dini kuomba kwa zamu na kwa lugha yake ni wa busara. Tena ibada ndefu zinaweza kufanyika kabla ya siku: misa ya kuwaombea marehemu au ibada ya jioni ya tarehe 24 kanisani, hitima msikitini, halafu asubuhi uwanjani dua na sala fupi tu. Ukitaka kuona namna dini inavyoweza kubeba siku ya Taifa bila kuibana, tazama Zanzibar kila tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972. Watu hukusanyika Kisiwandui, alikozikwa, wakasoma hitima, viongozi wa nchi wakiwa miongoni mwao, kisha dua kaburini. Ni kumbukizi ya kiongozi wa nchi, lakini inaendeshwa kwa desturi ile ile ambayo mvuvi yeyote wa Unguja angesomewa na wanawe.

Songea nako kuna la kujifunza, tena kubwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale wapiganaji 67 wa Maji Maji, manduna (viongozi wa kivita wa Wangoni) na watu wao, na Nduna Songea Mbano mwenyewe akanyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka, siku hiyo, Wangoni hukusanyika kwenye kaburi la pamoja na kwenye makumbusho yao. Wazee hufanya mila zao, ngoma ya ligihu huchezwa, na koo zinajua babu wa nani yupo pale. Kinachonigusa ni kwamba kumbukizi ile imedumu kwa zaidi ya miaka mia kwa kuwa koo ziliibeba. Serikali ilikuja baadaye, ikajenga. Na imebaki hai kiasi kwamba bado inadai haki: ukoo wa Songea unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na haujaacha kukitafuta. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi, alikutana na watu waliokuwa tayari na majina, si na malalamiko ya jumla. Hiyo ndiyo nguvu ya kuandika.

Hilo linanileta kwa babu mzaa babu. Umeuliza kama tumhesabu mpagazi. Tumhesabu, na tena naomba asomwe wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesahauliwa zaidi.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 ilipita hapo kwenu. Mto Kagera ulikuwa mstari wa mbele kati ya Wajerumani na Waingereza, na Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaushambulia mji wa Bukoba. Katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o walioua ng'ombe na punda, jeshi lililishwa kwa vichwa vya watu. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilibebwa na mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, midomoni mwa watu wetu likawa Kariakoo. Leo tunanunua vitambaa na simu pale bila kukumbuka kwamba ni jina la kambi ya wapagazi.

Ukifika Dar es Salaam, simama kwenye Sanamu ya Askari mjini. Iliwekwa mwaka 1927, pale pale ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, kabla ya kushindwa. Juu yupo askari wa shaba na bunduki yenye singe. Chini kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu pia. Maandishi hayo yanawataja wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini jina lenyewe haliko. Hakuna hata moja. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, huku majina ya askari wa Kizungu yakichongwa kwenye mawe ya makaburi yao au kwenye minara. Haikuwa bahati mbaya. Maofisa wa wakati ule waliamua kwamba Waafrika hawahitaji makaburi yenye majina. Nikisoma jambo hilo bado hasira hunipanda, na sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo, mwalimu, ukilisoma jina la babu huyo kijijini mbele ya wajukuu zake, unafanya kile ambacho himaya ile nzima ilikataa kufanya. Iwapo mtu atauliza mbona alimtumikia mkoloni, jibu ni fupi: wengi wao walikamatwa kwa nguvu, na hata wale waliokwenda kwa mshahara hawakuwa wameulizwa kama wanaitaka vita ile.

Kuna wengine wa kuwakumbuka ambao hukuwauliza. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulikalia eneo la kaskazini ya Kagera, waliouawa kwanza walikuwa raia: wakulima, wanawake, wazee walioshindwa kukimbia. Wanakadiriwa kufika 1,500. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere alipolihutubia Taifa tarehe 2 Novemba na kusema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo, sababu ilikuwa hao. Mara nyingi kwenye maadhimisho tunawasahau kwa kuwa hawakushika bunduki. Missenyi haiwezi kuwasahau. Wawe na orodha yao, isomwe baada ya wapiganaji, na kwa utaratibu ule ule wa mtu wao kusimama.

Tena huko mpakani ndugu wako pande zote mbili. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, pamoja na vijana wetu walikuwamo Waganda wa Kikosi Maalum na wengine waliopigana kuiokoa nchi yao. Kama kuna familia ng'ambo ya Mutukula iliyopoteza mtu akiwa upande huo, au shangazi aliyeolewa huko, waalikeni. Na ikiwa mzee fulani atataka kumwombea askari wa Amin aliyeuawa akiwa hana hatia zaidi ya kuvishwa sare, mimi nisingemzuia. Hilo liamuliwe na wazee wenu waliouona moto ule, si mimi niliye mbali.

Kuhusu taratibu za serikali sitakawia. Mwandikieni mtendaji wa kijiji na wa kata mapema, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kituo cha polisi, kwa kuwa ni mkusanyiko. Tarehe 25 Julai si siku ya mapumziko, kwa hiyo zungumzeni na mkuu wa shule na waajiri, au mfanye asubuhi mapema kabla ya watu kwenda kazini. Saa kumi na mbili na nusu, ukungu ukiwa bado migombani, ni wakati mzuri mno kwa shughuli ya namna hii. Bendera ya Taifa msiishushe nusu mlingoti kwa uamuzi wenu, hiyo ni amri ya serikali. Raia wasivae sare za jeshi wala nguo za mabaka zinazofanana nazo, ni kosa. Askari wastaafu wavae koti la kawaida na nishani zao kifuani. Baruti na fataki msithubutu, hata kama kijana mmoja atasema zinaigiza mizinga. Katika umati huo mna watu waliosikia mizinga ya kweli wakiwa na miaka sita. Mpiga buruji mwombeni kambi iliyo karibu kupitia mshauri wa mgambo. Asipopatikana, baragumu au ngoma moja itatosha, ipigwe na mtu anayejua mlio wa msiba wa kwenu. Buruji ya kwenye simu iliyounganishwa na spika naomba muiache.

Na ninaomba pia msiiite sherehe. Kumbukizi, au maadhimisho. Baada yake watu wale pamoja, ndizi ziive, wazee waonjeshwe rubisi wakitaka, wasimulie. Hapo ndipo vijana wenye madaftari watakapopata yale ambayo hayakusemwa kwenye mahojiano.

Nimemwacha bibi mwisho kwa makusudi. Usimshawishi. Anapotoka nje buruji ikilia, anafanya kumbukizi yake, na huenda ndiyo aliyoifanya peke yake tangu 1979. Nenda ukakae naye uani jioni moja, bila daftari. Mweleze mnachopanga, kisha muulize kitu kimoja: moto wa usiku wa tarehe 24, ule utakaosimama badala ya Mwenge, mnaomba utoke jikoni kwake. Kama atakubali, mjukuu mmoja auchukue kwa koroboi na kuupeleka uwanjani, yeye abaki kitandani kwake akipenda. Asubuhi wekeni kiti chake safu ya mbele chini ya hema, na kibaki wazi hata kama hakuja. Jina la babu likisomwa, simama wewe. Na mtoto mmoja mwenye mbio awe karibu na njia ya kwenda kwenu, endapo bibi atatokea mlangoni na kuuliza kama wamekwisha kufika kwenye jina lake.